Maiki Niliyoifungia Kabatini

Haipiti wiki bila kijana kupiga hodi kwangu hapa Ifakara, redio koli mbovu mkononi na uongo mdomoni. "Shikamoo mzee. Hii imekufa yenyewe." Marahaba. Redio haifi yenyewe. Nimezitengeneza tangu nina nywele kichwani na sijakuta hata moja iliyojiua. Huwa inauawa, na muuaji kwa kawaida ndiye huyo huyo anayeileta, baada ya kutazama video ya dakika sita kwenye simu.

Lakini leo siwacheki nyinyi peke yenu. Nyinyi mmeua redio tu. Mimi niliibadilisha redio moja kwa mikono yangu, vizuri, bila kosa la kifundi hata moja, na kwa sababu ya redio hiyo mtu anayeitwa Masanja alikaa katikati ya maji siku mbili bila njia ya kusema kama yu hai. Habari yake nitaifikia. Kwanza niwape kazi, maana nawajua: nikianza na maji mtasoma mpaka mwisho wa maji, na kazi mtaniachia mwenyewe.

Redio koli za biashara, zile za matrekta, walinzi na magari ya doria, zimetengenezwa zikae kwenye masafa yake. Sisi wa redio ya ridhaa bendi yetu iko chini kidogo ya hapo. Nasema ridhaa, kwa maana ile ya ndondi za ridhaa: unafanya kwa kupenda, hulipwi, na unaweza kupigwa. Sasa kijana wa leo akitaka kuishusha redio ya biashara kwenye bendi yetu, anachomeka waya wa kompyuta, anafuta namba ya zamani, anaandika mpya, anabonyeza. Redio inalia pii, pii, pii. Anasema programu mbovu.

Programu haina kosa. Ndani ya redio kuna saketi inayozalisha wimbi, na saketi hiyo haijui kusoma namba zako. Imezoea juu, unaitaka chini, inashindwa kufika, ndiyo maana inalia. Fungua kifuniko. Tafuta koili yenye kijiwe cheusi katikati, ukizungushe kidogo kidogo huku ukitazama mita mpaka wimbi likamate. Na tafadhali weka chini hiyo bisibisi ya chuma. Chuma kikikaribia koili kinaidanganya: unaona imekaa sawa, ukikiondoa inahama. Tena kijiwe chenyewe kinapasuka kwa kulazimishwa. Mimi nachonga kijiti cha mwanzi. Nikimaliza nadondosha nta ya nyuki juu yake ili mtikisiko wa trekta usiihamishe. Nta naletewa na mtu wa Uchindile. Nta ya mshumaa kwa joto la bonde hili italainika kabla hujafunga skrubu ya mwisho.

Halafu unashusha upande wa kupokea nao. Na hapo ndipo pa kuweka alama kwa kalamu nyekundu: redio ukishaishusha, kule juu ilikotoka haisikii tena wala haisemi. Haikai kuwili. Hilo nililijua kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na nililiona ni jambo dogo la kiufundi.

Aliyenifundisha ni Mzee Liheta, fundi wa Mlimba, marehemu sasa. Alikuwa na karakana nyuma ya nyumba yake na hasira mbele yake. Siku zangu za mwanzo nilibadilisha redio, nikaona mita imetulia, nikafurahi, nikabonyeza kitufe kabla sijafunga antena. Nguvu haikuwa na pa kutokea, ikarudi ndani, ikaunguza transista ya mwisho. Moshi mdogo ukatoka.

"Hiyo ni harufu ya nini?" akauliza Mzee Liheta.

"Transista, mzee."

"Hapana. Ni harufu ya haraka."

Akaichomoa, akaipitisha uzi, nikaivaa shingoni wiki nzima. Wateja wakauliza kama ni hirizi. Mzee akawajibu kwamba ndiyo, inamkinga asiguse vya watu. Tangu siku hiyo sibonyezi kitu kabla sijachomeka taa ya gari pale pa antena. Taa ikiwaka najua nguvu inatoka, na simpigii mtu kelele hewani.

Mzee Liheta alikuwa na tabia nyingine iliyonichosha. Kila akiletewa redio ya kubadilishwa, kabla hajagusa skrubu aliuliza, "Huko inakotoka, nani atakuwa anaiita?" Kama mwenye redio hana jibu, aliirudisha hivyo hivyo. Tulikosa wateja wazuri kwa swali hilo. Niliona ni uzee, na nilijiapiza kwamba nikipata karakana yangu, wateja hawataulizwa maswali ya polisi.

Karakana sikupata. Nilipata ajira kwenye kampuni moja hapa mjini iliyokuwa ikikodisha matrekta na pampu kwa wakulima wa mpunga, nikafunga redio zao kwa miaka mingi, nikastaafu. Nilipostaafu nikafanya mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa, nikafaulu, nikapewa herufi zangu za kujitambulisha hewani. Hapo, vijana, kichwa kilivimba. Nilizichora mlangoni. Nilizichora kwenye kofia, na kwenye ndoo ya kuogea ili wapangaji wasiibebe. Jumapili moja nilipoitwa mbele kusoma somo, nilikaribia kujitambulisha kwa herufi zangu kabla ya nabii.

Wakati huo huo kampuni ilipata meneja mpya, kijana wa viatu visafi, akatangaza kwamba redio ni mambo ya kale na mawasiliano yote sasa yatapita kwenye grupu la simu. Redio zikabaki kwenye matrekta machache, kwa kuwa madereva waligoma kuzitoa, na moja ofisini mezani kwa Rehema, anayepanga safari za matrekta. Ile ya nyumba ya pampu ikaandikwa chakavu. Nikaiomba, nikapewa.

Nyumba ya pampu iko bondeni, upande wa kwenda Mngeta, karibu na mto. Ni kijumba cha tofali, na pembeni yake kuna tangi la maji lililosimama juu ya nguzo ndefu za zege. Kwa antena, mahali pa juu kama pale hupati kwingine. Nikaibadilisha ile redio, nikairudisha pale pale, nikaiweka ndani ya kisanduku cha bati juu ya jukwaa la tangi, pamoja na betri na sola yake. Juu kule kwa sababu waya mfupi wa antena haupotezi nguvu, andikeni hilo. Nyumbani nilikuwa na nyingine ya aina hiyo hiyo. Kila Jumamosi nilipanda bodaboda mpaka kule, nikapanda ngazi ya tangi na goti langu bovu, nikazungumza na wenzangu hewani. Walikuwa wawili. Kwa hao wawili nilijiona mtangazaji wa taifa.

Mlinzi wa pampu alikuwa Masanja, Msukuma aliyeingia bonde hili na ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe walipungua mpaka akabaki na rungu, tochi na mbuzi watatu. Ni mtu mrefu, mpole, anayekusikiliza bila kukukatiza, tabia ambayo sisi mafundi hatuna. Jumamosi moja aliniambia, "Mzee, na mimi nifundishe kuongea humo."

"Una leseni?"

"Sina."

"Basi kwako hiki ni kisanduku cha bati."

"Hata kukishika?"

"Hata kukipangusa vumbi."

Nikaona maneno hayatoshi. Nikachomoa maiki, nikaitia mfukoni, nikaenda nayo nyumbani na kuifungia kabatini kwa ufunguo. Ikawa ndiyo desturi: Jumamosi naibeba, jioni narudi nayo. Masanja alinitazama ninavyoichomoa, akauliza, "Na kusikiliza je, mzee?" Nikamruhusu kusikiliza, nikamwonyesha na swichi ya kuwashia. Njiani kurudi nilijiona mtu mkarimu sana. Jioni hiyo pale kijiweni tunapokunywa kahawa mtu aliniuliza kwa nini simfundishi mlinzi wangu. Nikasema, "Mchunga ng'ombe atazungumza nini hewani? Habari za mikia?" Watu wakacheka, na mimi nikarudia tena kwa waliochelewa.

Masika ile mto ukatoka. Sisi wa huku mto kutoka si habari, bonde hujaa na mpunga hunywa. Lakini safari hii maji yalikuja mengi kwa usiku mmoja, yakakata barabara, na mnara wa simu wa upande ule ukazimika. Grupu la meneja lilikuwa na watu wote isipokuwa yule aliyetakiwa.

Nilipita ofisini kusikia habari. Rehema alikuwa ameinamia redio yake. "Nyumba ya pampu, nyumba ya pampu, hapa ofisini, unanipata?" Akaniona. "Shikamoo mzee. Tangu alfajiri namwita Masanja. Redio yake ina nini?"

Nilijua redio yake ina nini. Nilijua mpaka mizunguko niliyozungusha kile kijiti cha mwanzi.

"Haikusikii," nikasema. "Niliihamisha."

"Ukaipeleka wapi?"

"Kwenye bendi yangu."

"Kwa hiyo anayeweza kumwita ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi nenda kamwite, mzee. Umesimama hapa unafanya nini?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka maiki. Sikurudi kumwambia.

Nyumbani nikawasha redio, nikaanza. "Masanja, Masanja, ni mimi, unanisikia?" Mvumo mtupu. Nkwimba, mke wa Masanja, alikuwa mjini wiki hiyo kwa ajili ya kliniki, amefikia kwa dada yake. Habari zilimfikia, akaja, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Akauliza kwa nini mumewe hajibu.

"Labda betri," nikasema.

Ndiyo, nilisema hivyo. Kabati lilikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, maiki yake imo ndani, na mimi namwambia mwanamke mjamzito labda betri. Kuweni na hasira nami, ni haki yenu. Baadaye asubuhi hiyo nilishindwa kuubeba ule uongo, nikamweleza ukweli. Hakunitukana. Alisema tu, "Kwa hiyo anasikia na hawezi kusema," akanyanyuka akaenda kwa dada yake.

Mchana Rehema akanipigia simu. Dereva wa trekta mmoja alikuwa amefika mwisho wa nchi kavu, kwenye kambi ya wavuvi, na redio yake inasikika ofisini. Wavuvi wana mitumbwi. Mkubwa wao, Mndamba mmoja anaitwa Yustin, alikuwa ametoa jibu, na Rehema akanisomea alivyoliandika: "Maji haya yana magogo na viboko. Kwa mtu aliye hai naingia sasa hivi. Kwa maiti siingii, nina watoto. Niambieni yuko hai."

Nikarudi kwenye redio peke yangu, na kwa kuwa nilishaanza kuamini kwamba nazungumza na marehemu, nikasema mengi. Nikamwomba msamaha kwa ile maiki. Nikamwambia nilichosema kijiweni, habari za mikia, na kwamba nilirudia mara mbili. Nikamwambia mtihani wa leseni yangu ulikuwa na swali nililolijibu vizuri: je, mtu asiye na leseni akiwa hatarini, aruhusiwe kutumia redio? Niliandika ndiyo, nikapewa alama. Na siku zote zile sikumwambia hilo. Mwisho nililia, vijana, nikiwa nimekishika kitufe, kwa hiyo kilio nacho kilirushwa.

Asubuhi ya pili nilifungua kabati kutafuta fyuzi, nikaikuta maiki inanitazama. Nikaikamata kwa hasira, nikaminya kitufe chake. Kikalia tik. Nikaminya tena. Tik. Hapo akili, iliyokuwa imechukua likizo tangu nipate leseni, ikarudi kazini. Maiki inahitajika ili redio irushe sauti. Kurusha wimbi peke yake hakuhitaji maiki. Kile kitufe kazi yake ni kugusanisha nyaya mbili tu, na hata mshikio wa ndoo ni waya.

Nkwimba alikuwa amerudi na kukaa pale pale. Nikashika kitufe changu, nikaanza kumfundisha mwanafunzi niliyemkatalia darasa, bila kumwona, bila kujua kama yupo.

"Masanja, fungua kisanduku. Mbele ya redio pana tundu la duara lenye pini. Tafuta waya wowote. Pana alama ndogo juu ya tundu. Kutoka hapo hesabu kwenda kulia. Pini ya kwanza usiiguse, ina umeme wa betri, utaunguza fyuzi na tutakuwa tumeagana. Ya pili iache. Ya tatu, iguse kwa waya pamoja na ukingo wa chuma wa tundu. Gusa, achia. Gusa, achia. Mara mbili tu."

Nilirudia mara tano, polepole. Halafu nikaachia kitufe na kuuacha mvumo wazi. Mjue kwamba redio za aina hii ukizifungulia zinavuma muda wote, na likija wimbi lisilo na sauti, mvumo unanyamaza. Katika kazi yetu kuna saa ambapo kimya ndicho kinachozungumza.

Tulikaa. Mvumo. Nkwimba alikuwa akiutazama mkeka.

Mvumo ukanyamaza. Ukarudi. Ukanyamaza. Ukarudi.

"Imekufa?" akauliza Nkwimba.

"Ni yeye," nikasema, lakini sauti yangu haikuniamini. Radi nayo hufanya vituko hewani.

"Muulize ana watoto wangapi," akasema Nkwimba.

Nikauliza. Tukahesabu wote wawili kwa vidole. Mara moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nkwimba akatikisa kichwa kukubali: sita. Nikawa tayari naifuata simu, mvumo ukakatika tena, mara moja, peke yake.

"Amekosea," nikasema. "Au si yeye."

Nkwimba alikuwa ameweka mkono tumboni. "Hajakosea, mzee. Piga simu."

Rehema alimwambia dereva, dereva akamwambia Yustin, na Yustin hakuuliza swali la pili. Mitumbwi miwili ikaingia kwenye maji. Muda wote ule nilibaki hewani nikimweleza Masanja wanapita wapi, kama Rehema alivyoniambia, na yeye akikata mvumo kila nilipouliza kama bado yupo. Alasiri Rehema akapiga simu, akaniambia wamempata juu ya jukwaa la tangi na mbuzi wawili. Wa tatu maji yalimchukua.

Alikuja kwangu kesho yake kwa trekta, amevaa shati la Yustin lisilomfika kiunoni. Mkewe alikuwepo, na Rehema alikuwa amepita kumwona. Masanja akainama mlangoni, akanyoosha mkono. "Shikamoo mzee."

Niliitikia, nadhani. Akapewa chai, akanywa vikombe viwili, akatafuna muhogo, akafuta mikono. Mimi nikajaza kimya kwa ufundi, tabia yetu. Nikamweleza jinsi betri ilivyostahimili, jinsi ile nta ilivyoshikilia koili hata kwenye upepo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa nta.

"Betri ilikuwa nzima, mzee," akasema. "Uliifunga vizuri sana. Kwa hiyo na juzi mchana nilikusikia. Yote."

Rehema akatazama nje.

"Wakati ule ulidhani unaongea na maiti," akasema Masanja, bila hasira, kwa ile sauti yake ya kupanga mambo. "Yaseme tena. Sasa nipo."

Vijana, mimi hewani ni hodari. Kule unaongea na mvumo, hakuna jicho linalokukazia. Nikatafuta pa kuangalia, na kila mahali palikuwa na mtu. Nikaanza na yale ya kijiweni, nikasema habari za mikia mbele ya mkewe. Nikasema habari ya mtihani. Nikafika kwenye maiki, na hapo nilitaka kusema kama nilivyosema juzi, kwamba sikufikiri, kwamba nilisahau kuna masika. Alikuwa ameegemea ukuta, magoti juu, ananisikiliza vile vile alivyozoea.

"Masanja," nikasema, "nilifikiri. Kila Jumamosi nilipoichomoa nilifikiri siku ambayo utaihitaji, na nikaichomoa."

Hilo hata hewani sikuwa nimelisema.